Kichwa Kilichoachwa Nusu

KUH: UKUAJI USIO WA KAWAIDA WA NYWELE KATIKA KICHWA CHA MLALAMISHI (UPANDE WA KUSHOTO PEKEE).

Barua ilikuwa na mihuri mitatu, mmoja umepigwa juu chini. Nalianya aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa duka lake la kinyozi, nyuma ya soko la Kitengela, vumbi la saa nne likimwingia machoni. Alitakiwa, ndani ya siku kumi na nne, aeleze kwa nini biashara yake isifungwe. Maelezo yawe nakala nne. Aambatanishe sampuli ya nywele zilizoota na sampuli ya nywele ambazo hazikuota. Sentensi hiyo ya mwisho aliirudia mara mbili, maana alikuwa mtu wa kutii sheria, na alitaka kujua kwa dhati mtu huenda wapi kuchukua nywele ambazo hazikuota.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha saruji. Walipompunguza, kiinua mgongo chake chote alikizika katika duka hili. Mkewe, Nanjala, hakumgombeza. Alisema tu kwamba duka likifungwa watarudi Bungoma, kwenye boma la kaka yake Nalianya, na kwamba amemjua huyo shemeji miaka ishirini na hajawahi kumsikia akimcheka mtu kidogo.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Vijana wa Kitengela walikuwa wamechoka kuchorwa mapanga na nyota kichwani. Sasa walitaka vichwa vya babu zao. Walikuwa wakiingia na picha kwenye simu, babu karani wa reli siku ya harusi yake, njia ya nywele imepigwa kushoto, imenyooka kama mpaka wa shamba ambao bado haujafika mahakamani. Nalianya hakutumia mashine ya umeme hata moja. Alikata kwa mkasi juu ya kitana, akapunguza pembeni kwa mashine ya mkono, akachora njia kwa wembe, kisha akapaka mafuta mazito na kupiga brashi mpaka kichwa kikang'aa kama kiatu cha Jumapili. Kiti alikipata Kajiado mjini, kutoka kwa mama mmoja aitwaye Mwelu, ambaye marehemu baba yake alikuwa kinyozi enzi hizo: kiti cha chuma, ngozi nyekundu, kinachopanda na kushuka. Mashine ya mkono ilikuja nacho. Benchi la wateja alipewa kama nyongeza.

Na kama kinyozi yeyote mwenye akili, alikuwa na desturi ya kumfunga mteja. Mtu akiingia wakati una kazi, usimwambie angoje, ataenda kwa jirani. Mkalishe kitini, mpitishie mkasi upande mmoja, kisha mhamishie kwenye benchi na kitambaa chake shingoni, umrudie yule mwingine. Mtu mwenye nusu ya nywele haendi popote.

Wa kwanza kurudi alikuwa Melvin Ouko, karani wa bima, mpangaji katika fleti za barabara ya Isinya. Alinyolewa Alhamisi. Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni na kofia, akaivua. Upande wa kulia ulikuwa kama Nalianya alivyouacha. Upande wa kushoto ulikuwa umeota wote, kichaka kile kile cha Alhamisi kabla ya mkasi, na ule mpaka wa njia umesimama katikati kama ukuta kati ya majirani wasiosalimiana. Kichwa kilinuka mafuta ambayo Nalianya hakuwa nayo dukani.

Alimnyoa tena bure. Jumamosi Ouko akarudi. Akamnyoa tena. Jumatatu akarudi, safari hii bila kofia, kwa kuwa alikuwa amevuka aibu na kufika ng'ambo yake.

"Mzee, meneja ameniuliza kama hii ni maandamano," alisema. "Niko na kichwa moja tu. Nikuachie?"

Baada ya wiki tatu walikuwa kumi na mmoja. Wengine walitukana, wengine walimwombea, mmoja aliomba anyolewe kipara, na kesho yake akaja na nusu kipara. Nalianya alibadilisha wembe, mafuta, maji, akabadilisha hata upande anaoanzia. Alikata mpaka vidole vikavimba, na kila alichokata mchana asubuhi kilikuwa kimemngoja. Ni Ouko aliyeandika malalamiko. Nalianya hakumlaumu, mtu akishindwa na jambo lisiloelezeka, hupeleka ofisini.

Mambo mengine hayakuwa kwenye barua. Asubuhi akifungua duka, ngozi ya kiti ilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Stima ikipotea, na umeme wa Kitengela hukatika sana, kioo kilifunikwa na mvuke kuanzia chini kwenda juu, ingawa hapakuwa na maji ya moto popote. Siku moja, akiwa nje anakung'uta kitambaa juani, alisikia mkasi ukilia ndani, che, che, che, polepole, kama unaoshikwa na mtu anayejaribu kukumbuka.

Jirani yake, Mama Fosiya, aliyetoka Wajir na kuuza maziwa ya ngamia na uvumba upande wa pili wa ukuta wa mabati, alikuwa amesikia zaidi. Alimwita kando saa nane mchana, akafunga nusu ya mlango.

"Kuna mtu hapo kwako anavuta pumzi," alinong'ona. "Ukitoka kuenda lunch, anavuta. Hivi." Akavuta pumzi ndefu, akaiachia taratibu. Nalianya aliitambua. Ilikuwa pumzi ya mtu anayengoja faili yake ipatikane.

"Si upepo?"

"Upepo haichoki, jirani. Huyo amechoka. Hawa wanaorudi, uliwanyoaje?"

Alifikiri. Miaka ya stoo ilimfundisha kukumbuka kilichotoka na jinsi kilivyotoka. Waliokaa kitini mpaka mwisho hawakurudi hata mmoja. Wote kumi na mmoja walikuwa wale aliowafunga, akawaacha nusu kwenye benchi.

Mama Fosiya alitikisa kichwa, si kwa mshangao. Alimtuma Kajiado siku hiyo hiyo, akamuulize aliyemuuzia kiti.

Mwelu alimpokea uani, anachambua maharagwe, na hakuuliza amefuata nini. Alisema baba yake alikuwa kinyozi pekee mjini, na alipenda kufunga wateja kuliko kula. Adhuhuri moja, duka limechangamka kuliko siku yoyote, kila anayeingia anafungwa, alikuwa akimchania mtu kitini, akainua macho kwenye kioo. Akaona humo kitana kinatembea peke yake hewani, mteja hayumo. Hakupiga kelele. Alisema kwa adabu, "Nakuja, naleta maji ya moto," akapitia mlango wa nyuma, akapanda basi la Ukambani, na hakushika mkasi tena mpaka kaburini. Vyombo vilikaa stoo miaka hamsini na kitu.

"Ungeniambia kabla ya kuniuzia," Nalianya alisema.

"Ungenunua?"

Aliporudi, Mama Fosiya alimsikiliza mpaka mwisho, akafunika jagi la maziwa.

"Huyo hafukuzwi. Jini ukimkosea, anakupiga, mnamalizana. Lakini ukimwahidi, anangoja, na kungoja ndiyo mbaya. Huyo ni mteja, Nalianya. Mmalize."

"Mimi ni mtu wa kanisa la Friends. Sijui dua zenu."

"Omba ya kwako. Yeye hataki dua, anataka mkasi. Lakini ukianza usitoke. Hata kama nyumba inaungua, usimwambie nakuja."

Nalianya aliahirisha siku baada ya siku, akiandika maelezo yake kwa nakala nne, na mara nne akafika kwenye neno "sampuli" na kukwama. Siku ya kumi na nne, saa nane mchana, stima ikapotea. Aliweka chupa ya maji ya moto kwenye meza, chetezo cha uvumba mlangoni, akatandaza kitambaa juu ya kiti kitupu, akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na bosi asiyemjua, "Karibu, mzee. Samahani kwa kuchelewa."

Kiti kilishuka. Kilishuka inchi mbili, chuma kikalia, na kitambaa kikajaa: mabega kwanza, kisha mikono iliyowekwa magotini, kisha shingo, na juu ya shingo hapakuwa na kitu cha kuonekana, ila harufu ya mafuta ya zamani na nywele zilizokaa mno. Aliinua mkono. Vidole vyake vikagusa kichwa, kikavu, baridi kama kopo, upande wa kulia umekatwa vizuri na fundi wa zamani, upande wa kushoto msitu mgumu kama waya.

Alianza. Alikata juu ya kitana, na zilipoachana na mkasi nywele zikaonekana, nyekundu kwa uzee, zikaanguka sakafuni kwa mlio, si kama nywele bali kama misumari, na kila zilipoanguka zilijisogeza pamoja, naye akazikanyaga ili asizione, akaendelea kukata, sikio, juu ya sikio, nyuma ya sikio, jasho likimwingia mdomoni, wimbo wa kanisani ukimtoka puani bila maneno, na mvuke ukipanda kwenye kioo mpaka ukafunika hata uso wake mwenyewe, na alipofika nusu ya ile nusu, mlango ukagongwa.

"Bwana Nalianya? Niko na fomu ya kufunga."

Alikuwa Madam Soipan wa idara ya kaunti, mwanamke mrefu mwenye faili, ambaye alikuwa amekuja mara mbili akakuta duka limefungwa na mara mbili akaandika hivyo.

"Nina mteja, Madam."

"Sioni mteja. Toka uweke sahihi hapa, dakika moja tu. Usipotoka naandika umekataa, na kesho kufuli linawekwa."

Chini ya mkono wake kichwa kiligeuka. Kiligeuka taratibu kuelekea mlangoni, kisha kikamrudia, na pumzi baridi ikampiga kifuani, na sauti kavu, isiyo na hasira hata kidogo, ikasema karibu na sikio lake:

"Yule pia alisema dakika moja."

Nalianya aliyaona yote kwa pamoja, fomu na kufuli na Bungoma na kaka yake akicheka mpaka anashika mti, miaka kumi na tisa ya stoo ikiishia kwenye sahihi ambayo hakwenda kuiweka, na mguu wake ulikuwa tayari umeinuka kuelekea mlangoni, umeinuka kwa mazoea, kama unavyoinuka mguu wa kila kinyozi anayeitwa nje, akaurudisha chini kwa nguvu kama mtu anayeua nge.

"Andika nimekataa, Madam," alisema. "Ama uingie ukae kwenye benchi. Simwachi mtu nusu."

Soipan aliingia ili aandike vizuri. Upepo ukafunga mlango nyuma yake. Aliona kitambaa chenye mabega. Aliona nywele zikizaliwa hewani na kuanguka. Hakupiga kelele, alitafuta benchi kwa mkono, bila kugeuka, akakaa, na kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, akafungua faili na kuanza kuandika tarehe.

Nalianya akafungua chupa. "Maji ya moto haya, mzee," alisema, na kitambaa chote kikashuka kama mtu aliyetua mzigo. Akalowesha kisogo, akakiosha, akakinyoa kwa wembe. Akachora njia upande wa kushoto. Akapaka mafuta, akapiga brashi. Mwisho akashika kioo kidogo kwa nyuma, kama desturi, ili mteja ajione, na humo mvuke ukafunguka kiasi cha kiganja, akaona kisogo safi na njia iliyonyooka. Upande wa uso hakuutazama.

"Sasa sawa," ile sauti ilisema.

Kiti kikapanda. Kitambaa kikalala. Mlango ulifunguka na kujifunga, bila haraka, na stima ikarudi.

Kesho yake Ouko alituma picha ya kichwa chake: pande mbili, zinafanana. Wote kumi na mmoja vivyo hivyo. Kufuli halikuja. Baada ya mwezi ilikuja barua nyingine, mihuri minne, KUH: KUFUNGWA KWA JALADA LA NYWELE. Ilieleza kwamba chanzo kilikuwa hitilafu ya mashine ya umeme, ambayo duka halikuwahi kuwa nayo. Kwamba siku ya ukaguzi mhusika alipatikana akihudumia mteja. Na kwamba ukaguzi wenyewe haukukamilika kwa sababu afisa alikosa nafasi ya kukaa.

Nanjala alicheka kwa hilo la nafasi, benchi la watu sita na afisa mmoja, akasema serikali itakosaje kisingizio. Nalianya hakucheka. Hiyo ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote katika barua nzima.

Kilichotokea ni hiki. Alipokung'uta kitambaa na kugeuka kumwambia Madam Soipan kwamba amemaliza, alimkuta amesukumwa mpaka ncha ya benchi, nusu yake iko hewani, faili amelikumbatia, machoni machozi. Mbao za benchi zilikuwa zimepinda katikati kwa uzito. Soipan alimwambia kwa kunong'ona kwamba wamekuwa wakisogea tangu alipokaa, na kwamba aliyembana ana kitambaa shingoni.

Nalianya alitandaza kitambaa chake juu ya kiti, akamwita anayefuata.