Mwenye Kufuli Ndiye Afungue

"Lakini ujumbe wa nafasi yako chuoni ulishaujibu, dada," karani wa udahili alisema kwenye simu. "Tarehe tatu. Umeandika HAPANA."

Fyuzi alikuwa amebana simu kwa bega, bisibisi mkononi, ndani ya chumba cha swichi cha kiwanda cha unga. Bisibisi ikamponyoka.

"Nimeandika mimi?"

"Namba inaishia na nne sita."

Namba hiyo Fyuzi aliijua kuliko ya kwake. Ilikuwa ya Spana, fundi mitambo wa kiwanda hichohicho, mchumba wake wa miaka mitatu. Wiki ya kujaza fomu za chuo simu ya Fyuzi ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, naye bila kufikiri mara mbili akajaza namba ya mpenzi wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na kingine kiko kwenye fomu yako.

"Hilo jibu si langu. Naomba ulifute."

"Siwezi. Anayelifuta ni mwenye namba iliyolituma, anipigie mwenyewe. Na nafasi zilizoachwa tunazigawa leo saa kumi. Uhandisi wa umeme una foleni, dada. Wahi."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu mchana.

Alimkuta Spana karakana, anapaka beringi grisi huku anapiga mluzi.

"Tarehe tatu jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenu. Mama alinikaribisha chai. Umesahau?"

"Kwa hiyo ulikuwa unakunywa chai ya mama yangu huku unaniandikia HAPANA?"

Mluzi ulikatika. Spana aliiweka beringi chini taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Usiniulize nani kakwambia. Sema si mimi. Nakupa nafasi ya kusema si mimi."

Spana akamvutia kigoda.

"Kaa tuongee," alisema.

"Nimesimama."

"Haya, sikiliza basi. Ni miaka minne! Siku unayoingia darasani mshahara wako umekatika. Akiba yetu ya nyumba itamalizwa na ada ya miaka miwili tu. Huo wa tatu tunauza nini, cherehani ya mama yako? Na ukimaliza? Yule anayepima magunia getini ana shahada hiyohiyo. Ameitundika ukutani kwake, yeye anapima magunia."

"Namjua. Nilimuuliza."

"Akakwambiaje?"

"Alisoma miaka yote hajashika waya, akatoka hajui hata kufunga soketi. Mimi nashika waya huu mwaka wa saba. Spana, mfumo wa umeme wa jengo jipya aliuchora nani?"

"Wewe."

"Chini ya mchoro kuna jina la nani?"

"La Mhandisi wa kiwanda."

"Na mimi nilipewa nini?"

"Soda," Spana alisema, akajaribu kutabasamu. "Lakini ilikuwa ya baridi."

Fyuzi hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka akashika mbavu.

"Hata Mhandisi nilimuuliza, na hakunificha. Alikaa miaka miwili na shahada yake akifundisha tuisheni. Akaniambia, shahada haikupi kazi, inakupa sahihi. Siku kazi ikitokea, mwenye sahihi anachora, asiye nayo anamshikia tochi. Nimepiga hesabu zote, Spana, mpaka za hasara. Nikaona bado naitaka. Nilikuwa nasubiri jibu la chuo ndipo tukae tupange. Kumbe jibu unalo mfukoni!"

"Na mimi je?" Sauti ya Spana ilipanda ghafla. "Utarudi unaitwa Mhandisi, mimi bado Spana! Miaka minne utakaa na watu wa kalamu, halafu uje ukae meza moja na mtu wa grisi? Niliogopa, basi! Umeridhika? Niliogopa!"

Hapo moyo wa Fyuzi ulitaka kulegea. Alimpenda huyu mtu, na kosa lake halikuwa limeyapunguza mapenzi hayo. Ndiyo maana liliuma vile.

"Ungeniambia unaogopa, tungeogopa wote wawili. Wewe umekata kufuli langu."

Spana alibadilika uso. Pale kiwandani neno hilo halisemwi ovyo. Fundi anayeingia ndani ya mashine hutundika kufuli lake kwenye swichi yake, ufunguo anaingia nao mfukoni. Hakuna wa kuligusa isipokuwa mwenyewe, hata mwenye kiwanda haruhusiwi. Kukata kufuli la mwenzako ni kuyaweka maisha yake mkononi mwako bila kumuuliza.

"Mpigie karani," Fyuzi alisema.

"Nipe mpaka kesho nifikirie."

"Mwisho ni leo saa kumi."

Kipaza sauti kikakoroma: fundi mitambo aende haraka, mashine ya kuchanganya imekwama. Spana alibeba mkoba wake wa vifaa akaondoka bila kugeuka nyuma.

Fyuzi alirudi chumba cha swichi. Kufuli jekundu la Spana lilishatundikwa, lakini kukwamua mashine ile kwa kawaida ni kazi ya nusu saa tu. Akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika: "Saa nane na robo. Nasubiri." Kimya. "Saa tisa kasoro. Bado nasubiri." Kimya. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Miaka saba ya kushika tochi ilikuwa inaning'inia kwenye kidole cha mwanaume mmoja, na mwanaume huyo hapokei simu.

Saa tisa na dakika ishirini mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Aliingia meneja wa zamu, jasho linamtiririka, mkononi ana mkasi mkubwa wa kukatia chuma.

"Fyuzi, washa mashine ya kuchanganya. Malori matatu yananisubiri nje."

"Ina kufuli la Spana, mzee."

"Spana yuko kantini, nimeuona mgongo wake kwa macho haya. Kasahau kufuli. Kata!"

Akamtupia mkasi. Fyuzi akaudaka.

Kantini! Yeye huku anahesabu dakika, bwana yuko kantini anakunywa chai! Damu ilimchemka. Kufuli jekundu lilikuwa mbele yake, mkasi anao, na amri si yake. Nani angemlaumu? Yeye hakukatiwa lake?

Alinyanyua mkasi. Taya za chuma zikagusa kufuli.

Kisha akaushusha.

"Kufuli si langu."

"Mimi ndiye ninayeamuru hapa!"

"Niamuru niache kazi, nitaacha. Hili sikati. Twende kwenye mashine nikahakikishe mwenyewe."

Walikwenda, meneja akinung'unika njia nzima. Fyuzi akagonga ubavu wa mashine kwa mpini wa mkasi. Mara tatu.

Kimya.

"Si nilikwambia?" meneja alisema.

Kutoka ndani ikajibu: ko, ko, ko.

Meneja alitafuta gunia akalikalia.

Spana alichomoza kwenye mlango mdogo wa mashine, mweupe pe kwa unga, macho tu ndiyo yanaonekana. Simu yake aliiacha kwenye mkoba, kama sheria inavyotaka. Akauona mkasi mikononi mwa Fyuzi.

"Huo wa nini?"

Aliyejibu ni meneja, akiangalia sakafu.

"Nilimwambia akate. Nilidhani uko kantini. Alikataa."

Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba visu vya mashine ile vina urefu wa mkono wa mtu. Alitembea mpaka chumba cha swichi, wenzake nyuma yake, akatoa ufunguo. Akautia kwenye kufuli lake. Lilipofunguka alilitia mfukoni, akatoa simu mkobani, akasoma ujumbe wote aliotumiwa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mimi ndiye mwenye namba ya nne sita. Lile jibu la HAPANA nililiandika mimi. Mwenyewe hakuulizwa."

"Wewe ni nani wake?" karani aliuliza.

"Nilikuwa mchumba wake mpaka saa saba leo. Sasa hivi sijui. Muulize, huyu hapa."

Fyuzi akaipokea simu.

"Dada, unaikubali nafasi?"

"Ndiyo."

"Imeingia. Na huyo kaka, naye vipi?" Makarani nao ni watu.

"Huyo hayumo kwenye fomu."

Akakata simu.

"Nisamehe," Spana alisema.

"Nimekusikia. Na msamaha una foleni."

Foleni ilichukua wiki tatu. Spana alikwenda mwenyewe kwa mama yake Fyuzi akakiri kila kitu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, na chai hakumpa. Kazini Fyuzi aliongea naye habari za mota na mikanda tu. Usingizi wake mwenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu, maana kumkasirikia mtu unayempenda ni kazi ya zamu mbili.

Siku ya mwisho kabla ya kwenda chuo, baada ya chakula cha mchana, alimtumia ujumbe:

"Miaka minne. Ndoa likizo ya mwaka wa pili. Sitakuwa na mshahara, na wakati wa mitihani nitakuwa mkali. Ukiogopa, unasema. Jibu NDIYO kukubali au HAPANA kuachia nafasi. Mwisho saa kumi leo."

Dirishani alimwona Spana kule uani akisoma, akikaa, akisimama. Lakini simu ya Fyuzi haikulia. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu ikapita. Fyuzi alianza kuukusanya moyo wake kama anavyokusanya vifaa.

Saa kumi kasoro dakika saba Spana aliingia mbio, anahema.

"Umepata?"

"Nimepata nini?"

"Nimejibu mara sita! Kila nikituma inakataa, kumbe vocha imeisha! Nipe simu yako niandike humohumo."

Fyuzi aliificha simu nyuma ya mgongo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alikuwa anabana kicheko.

"Jibu linatoka kwenye namba yako. Sheria ni sheria."

Spana aligeuka akakimbia kuelekea duka la getini, buti zikipiga lami. Fyuzi akaikodolea macho saa ya ukutani.

Saa kumi kasoro dakika moja simu ikalia. Herufi tano, zote kubwa.