Kilo Ishirini na Saba

Mizani ilisema themanini na tano.

"Shuka. Panda tena," mke alimwambia mumewe.

Mume akashuka, akapanda. Themanini na tano. Sasa niwaambie mapema, msije mkadhani huyu ni pande la mtu: alikuwa amekonda hadi suruali ya kazi kaifunga kwa kamba, na shingoni ilibaki mishipa na koo tu. Jana yake mizani hiyohiyo ilisema hamsini na nane. Mtu halali na njaa akaamka ameongezeka hivyo, hata angemeza jiwe la kusagia.

"Imeharibika hiyo," mume alisema. "Niandikie tu nishuke, wageni watakuja."

Haikuwa imeharibika. Kila asubuhi kabla lango halijafunguliwa mke aliipima mizani kwa mfuko wa mchanga wa kilo hamsini, na dakika tano zilizopita mfuko ulisoma hamsini kamili. Akamwandikia mumewe 85 mgongoni mwa kiganja, kwa kalamu nene nyekundu, makapeni, na alipomshika mkono akasikia harufu ya chingamu ya ndizi. Akachungulia haraka nyuma yake. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukungu tu.

Bustani ile ya michezo iko juu mlimani, mahali ambapo watu hulipa ili waogopeshwe. Kuna bembea inayorushwa nje ya genge, kuna vigari vya reli vinavyoteremka vikikata kona kama vimelewa, na kuna Waya. Waya ndio sifa ya pale. Umevuka bonde zima, mita mia tisa, na mgeni hufungwa mikanda, akaning'inizwa kwenye kapi, akasukumwa pamoja na kelele zake. Mke alikuwa kituo cha juu, anapima. Mume alikuwa kituo cha chini, kwenye breki. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kushuka kwa Waya, jioni wa mwisho kuupanda mlima kwa miguu. Namba aliyoandikiwa mgeni mkononi ilitangulia chini kwa simu ya upepo, mtu wa breki ajue anampokea nani. Ukizidi kilo mia na kumi hupandi, breki haikuwezi. Ukiwa chini ya thelathini hupandi pia, hata ugaregare: mtu mwepesi huishiwa mwendo katikati ya bonde, akabaki ananing'inia.

Themanini na tano, toa hamsini na nane. Mke alifanya hesabu hiyo mumewe akiwa keshazama kwenye ukungu, akakaa palepale kwenye mbao. Ishirini na saba. Duniani kote namba hiyo aliijua yeye peke yake.

Maana walikuwa na binti, jamani. Wa pekee. Miaka tisa, na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo sababu wakamwita Chiriku. Akinyamaza ujue anatafuna chingamu yake ya ndizi. Muhula mzima aliulilia Waya. Siku aliyotimiza miaka tisa akapanda mizani, akavuta pumzi na kujaza mashavu, eti hewa imwongezee. Mizani ikasema ishirini na saba. "Mama, niandikie thelathini. Thelathini tu, mama." Mama akacheka, akatazama huku na huku, akaandika 30. Kwa mapenzi aliandika, si kwa ubaya.

Chiriku akasimama katikati ya bonde. Upepo ukaanza kumzungusha. Baba yake akatoka kituo cha chini akijivuta kwa mikono juu ya waya, akimwambia tulia, mwanangu, baba nakuja. Na mtoto, mikanda ikimpwaya, akajipinda ili amwone. Baba alipofika alishika kiatu. Kiatu ndicho alichorudi nacho.

Ripoti ikasema ni upepo. Lakini baba alikuwa na ripoti yake mwenyewe: kabla ya kutoka alisimama akavaa glavu. Sekunde kumi, labda kumi na tano. Tangu siku hiyo hakuvaa glavu tena, alishika waya kwa mikono mitupu hadi viganja vikawa nyama nyama, na kitandani alihesabu mpaka kumi na tano kwa sauti ya chini, akimaliza anaanza upya. Mke, aliyelala ubavuni mwake akisikia yote, alinyamaza. Mwaka mzima alinyamaza! Mimi simlaani, ila nasema alinyamaza. Zamani waliitana Mama Chiriku, Baba Chiriku. Siku hizi waliitana "wewe".

Siku ya pili tangu ile themanini na tano, mizani ikasema themanini na nane. Ya tatu, tisini na tatu. Mke aliandika, akatangaza kwa simu ya upepo, akatazama wageni wakichekeana picha, na hakumwambia mtu.

Nyumbani ndiko kulikotisha zaidi, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mizani ya kulaumu. Mwanamume yule wa mifupa mitupu alikalia kigoda cha jikoni, kikavunjika. Alipopita, mbao za sakafu zililia. Alipolala, kitanda kilizama upande wake, na mke akajikuta anateleza kuelekea kwake kama mtu aliyelala kwenye mteremko.

"Mgongo unaniuma," mume alisema.

"Umebeba nini kazini?"

"Sijabeba kitu." Akajisugua mabegani. "Ila si maumivu mabaya. Unakumbuka nilivyokuwa nambeba yule, tukitoka shuleni? Ndipo panapouma, palepale."

Mke akasema anakwenda kumpashia maji moto, akaenda jikoni, akafungua bomba ili asisikike analia.

Jioni ya siku ya nne, taa ikiwa bado haijawashwa na mume akiwa ameinamia sahani ambayo hakuigusa, mke alipita nyuma yake kuchukua birika, akaona shati lake limekunjika, mikunjo miwili imezunguka shingo na mingine miwili imebana mbavuni, vilevile nguo inavyokunjika mtu akiwa na mtoto mgongoni, na alipokuwa bado anatazama ile ya shingoni ikajikaza, polepole, kama mikono ya mtu anayejiweka vizuri asidondoke, na harufu ya chingamu ya ndizi ikajaa jikoni hadi ikamkaba, na karibu kabisa na sikio la mumewe chingamu ikapasuka, pwa, halafu sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe ikamnong'oneza yeye, si mumewe: "Mama, niandikie thelathini."

Birika likaanguka.

"Nini?" mume aliuliza.

"Hakuna."

"Umeona kitu. Umekuwa mweupe. Niambie."

"Nimesema hakuna!"

Kesho yake mizani ikasema mia na moja.

Chini ya mlima kulikuwa na dobi mmoja, mwanamke wa makamo, mchana anapiga pasi shuka za hoteli, na wenye shida zao humjia kwa mlango wa nyuma awatoe mashetani na majini. Watu walimwita Mama Pasi. Mke alitoroka kazini saa ya chakula, akampelekea lile shati. Mama Pasi hakuuliza habari wala hodi hakuisubiri iishe. Alilitandaza shati mezani, akapitisha pasi ya mkaa mabegani. Mikunjo ikalala. Pasi ilipoondoka, mikunjo ikarudi, minne, mahali palepale. Akapitisha tena, ikarudi tena.

"La mumeo?"

"La mume wangu."

"Amebeba. Na anayebebwa si mtoto wako, uniangalie vizuri, si mtoto wako. Mtoto wako amelala, mwache alale. Hili ni jini la bondeni. Lenyewe halina uzito hata wa unyoya, basi hutafuta uzito uliofichwa, likauvaa. Ni uzito gani umewaficha watu, dada yangu?"

Ndipo alipolia. Alilia hadi akashika meza, na katikati ya kilio akaitoa namba ambayo hakuwahi kuitamka. Mama Pasi alisikiliza mpaka mwisho, wala hakumpapasa mgongo kumbembeleza.

"Mimi umeniambia, lakini anayebeba si mimi. Kamwandikie mumeo mkononi namba ya kweli, na umwambie kwa mdomo wako."

"Ataniacha."

"Pengine. Na ukinyamaza linazidi kunenepa. Breki yenu inaweza kilo ngapi?"

Mke akalivuta shati kwake, akaanza kulikunja.

"Haya. Sasa sikiliza lililo gumu kuliko hilo." Mama Pasi akaiweka pasi chini. "Litakuita mama. Usiitike. Hata likikuita kwa kilio, hata kwa sauti ya homa, usiitike. Ukiitika mara moja umelikubali kuwa mwanao, na halitoki tena."

Asubuhi ya kesho ukungu ulikuwa mzito hadi Waya ulionekana hatua tano tu, kisha ukamezwa. Mume alikuwa keshajifunga mikanda, kapi liko juu ya waya, linangoja tu kuungwa. Alipanda mizani akiwa amejikunja kama mzee wa miaka themanini. Mbao zikalia. Mia na tisa.

"Bado naruhusiwa," alisema, akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilimuumiza mke kuliko kitu chochote. "Andika."

Mke akaushika mkono wake. Akatazama viganja vile vilivyochanika, akaandika 27. Saba ikatoka kombo.

"Umeandika nini?"

"Uzito wake." Hakuuachia mkono. "Siku ile mizani ilisema ishirini na saba. Akaniomba nimwandikie thelathini, nikamwandikia. Hakutakiwa kupanda. Mimi ndiye niliyempandisha, Baba Chiriku. Hata ungetoka bila glavu, hata ungeruka, alikuwa keshasimama katikati, kwa sababu yangu. Si glavu. Haikuwa glavu."

Mume akamtazama kama anayesoma maandishi ya mbali. Na hapo, juu ya bega lake, ambapo hapakuwa na mtu, kitu kikavuta kamasi.

"Mama."

Mke akauma mdomo.

"Mama, baridi." Ilikuwa sauti yake, jamani, na ule ukwaruzo wake wa asubuhi, na ile namna yake ya kuivuta "a" ya mwisho akitaka kudekezwa, na mikunjo ya shati ikaanza kulegea mmoja mmoja huku kitu kikijishikilia, kikiteleza, kikijishikilia tena, na harufu ya chingamu ikageuka ikawa harufu ya nguo mbichi zilizokaa siku nyingi, kisha ya udongo wa bondeni, na sauti ikapanda: "Mama, mikanda inanipwaya! Mama, mbona huniitikii? Mama, kwani nimefanya nini?"

Mume aliisikia. Uso wake wote ulifunguka, akafungua mdomo. "Naam, mwa..."

Mke akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akamkandamiza kwenye nguzo iliyo nyuma ya mizani kwa nguvu ambazo hakujua anazo, machozi yanamtiririka, meno yamezama kwenye mdomo wake mwenyewe mpaka damu, na mume akampiga mabegani amwachie, na sauti ikaita mama, ikaita mama, ikaita mara moja ya mwisho kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyekata tamaa ya kufunguliwa mlango.

Halafu kapi likaondoka. Hakuna aliyelisukuma. Liliteleza kwenye waya, wiiii, likaingia ukungu. Katikati ya bonde likasimama. Wote wawili walijua ni katikati, maana masikio yao yalipajua. Likakaa hapo muda wa kuhesabu hadi kumi na tano, na mume alihesabu, mke alizisikia namba zikigonga viganja vyake. Kisha likaendelea, na huko chini, kwenye breki ambayo haikuwa na mtu, likagonga ngo.

Mizani, ambayo mume alikuwa bado amesimama juu yake, ilisema hamsini na tano.

Mke akamwachia. Mume akanyooka. Mgongo wake ulikuwa sawa, kama zamani, na ilikuwa vibaya kumwona amenyooka hivyo, mwembamba, mtupu.

"Mwaka mzima," alisema taratibu. "Kila Ijumaa nilikuwa naenda kaburini kumwomba radhi kwa ajili ya glavu. Ulikuwa unakuja na mimi. Ulikuwa unasimama pembeni yangu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasikia."

"Ndiyo."

Akavua mikanda, mmoja mmoja, akaitundika kwenye msumari wake bila kuharakisha. Akautazama mkono wenye ile 27, na mke alidhani ataifuta kwenye suruali, lakini hakuifuta. Aliuweka mkono huo mfukoni, akashika njia ya miguu ya kuteremka mlima. Mke alimwita Baba Chiriku. Hakuitika. Mbao za ngazi hazikutoa hata mlio alipopita.

Meneja angefika baada ya nusu saa, na mke alikuwa keshaamua kumwambia yote, ripoti iandikwe upya. Kabla ya hapo alibaki peke yake na ukungu. Akanusa hewa. Hakukuwa na chingamu, hakukuwa na chochote.

Akapanda mizani. Yeye siku zote alikuwa sitini na moja. Alifumba macho, akakunja mikono nyuma ya mgongo vile mtu anavyompokea mtoto anayemrukia, akainama kidogo, akangoja. Alipofumbua, mizani ilisema sitini na moja.

Akashuka. Akapanda tena.