Vipande Sita vya Moyo wa Fridah

Siku Fridah alipokalia mzigo wa Ooko, soko la Voi lilikuwa limefurika hadi barabarani, na yeye alikuwa na sababu ya kukaa ambayo hakutaka kumtajia mtu. Pumzi zilimwishia ghafla kati ya wauza vitunguu na wauza mitumba. Moyo ulienda mbio, ukasita, ukaanza tena. Akaona gunia, akaketi, akajipepea kwa ncha ya leso.

"Dada, hizo ndengu zangu unaziatamia?"

Fridah akainua macho. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, koti la rangi ya machungwa la mafundi wa reli, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Niache nipumzike. Zikianguliwa nitakuita."

"Basi ngoja nikuletee chai. Kuatamia ni kazi ndefu."

Na chai akaleta kweli, yenye tangawizi. Huyo ndiye Ooko, mtoto wa Mzee Omolo aliyeletwa Voi na kazi ya reli zamani akasahau kurudi kwao Siaya. Fridah alitoka kijiji cha Mghange, juu milimani, na alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mkonge nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kuchomoa nyuzi chache kutoka ndani ya robota, ule mzigo wa katani uliokwisha kufungwa na mashine, na kwa nyuzi hizo kujua kama mzigo mzima ni mzuri au umeoza katikati. Ooko alimwita Mkaguzi tangu siku ya pili.

"Mkaguzi wangu, umeamkaje?" alimpigia kila asubuhi.

"Salama, Wa Reli. Umekunywa chai?"

"Nakungojea unipikie."

"Utakufa na kiu, mpenzi!"

Miezi saba ilipita hivyo, mitamu. Kisha Ooko akasema anataka kutuma wazee Mghange wakaonane na wazazi wa Fridah. Wiki hiyohiyo Fridah akaanguka kiwandani, na vipimo vikampeleka hadi Mombasa, mbele ya Daktari Musyimi, mwanamke wa maneno machache.

"Misuli ya moyo wako imechoka, na picha hazituambii kwa nini," daktari alisema. "Tunataka kuchukua vipande vidogo vya nyama ya moyo wenyewe. Tunaingilia hapa." Akamgusa kifundo cha mkono, pale mapigo yanaposikika. "Tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka moyoni. Kwenye ncha kuna kikoleo kidogo sana."

"Nitakuwa nimelala?"

"Utakuwa macho. Tunatia ganzi mkononi tu."

"Moyo unaweza kutoboka?"

"Ni mara chache sana, lakini unaweza. Ndiyo maana tunafanya tukiwa tumejiandaa."

Fridah aliogopa. Dada yake Beth alianguka vivyo hivyo akianika nguo, ana miaka ishirini na sita, na hakuamka tena. Ooko alikuwa akitafuta wazee wa posa. Fridah alikuwa akiona jeneza. Angewezaje kumpa mwanamume mke wa kuzika? Jioni ile akampigia simu.

"Usinitafute tena, Ooko."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kuna mwingine?"

Angeweza kusema hapana. Alinyamaza, na kimya kile Ooko akakielewa vibaya, kama Fridah alivyotaka akielewe.

"Sawa," Ooko alisema, sauti imekauka. "Mwambie ana bahati sana."

Fridah akaifuta namba yake kwenye simu, akalia hadi macho yakavimba. Akamdanganya mama yake kwamba kiwanda kinampeleka Mombasa kwenye semina ya siku tatu. Akaenda peke yake.

Hospitalini wakamlaza, vitu vyake vikafungiwa kabatini pamoja na simu. Karani akaja na fomu, akataka namba ya mtu wa karibu. Fridah alifikiri. Ya mama hakuikumbuka, ya baba pia. Kichwani mwake ilikuwamo namba moja tu, ile aliyoifuta. Akaiandika. Alijiambia kwamba namba za namna hiyo hupigwa mtu akishakufa, na akifa, aibu haitakuwa yake tena.

Kumbe hospitali ile ilikuwa na utaratibu wa kupiga simu siku moja kabla, kuuliza nani atamrudisha mgonjwa nyumbani.

Asubuhi, akiwa na gauni la hospitali lenye kamba mgongoni, Fridah aliona koti la rangi ya machungwa mlangoni. Moyo wake mgonjwa ukapiga kwa nguvu hadi akashika kitanda.

"Waliniuliza, wewe ndiye mtu wa karibu wa Fridah?" Ooko alisema. "Nikasema ndiyo kabla sijajua nakubali nini. Kumbe huyo mwingine ni ugonjwa?"

"Ooko, nenda zako. Naogopa sana."

"Hata mimi. Lakini kuogopa nikiwa Voi kungeniua."

Hakukuwa na muda wa zaidi. Wauguzi walimsukuma na kitanda chake hadi ndani ya chumba chenye baridi kali. Sindano ya ganzi ilichoma, kisha akasikia kitu kikimgandamiza mkononi, kikapanda taratibu, kikapotea.

"Mnachukua vipande vingapi?" aliuliza, meno yakigongana.

"Sita, sehemu mbalimbali."

"Vizuri. Kimoja hudanganya."

Akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Kila kipande, moyo uliruka. Tatu. Cha nne kilipotoka moyo ulisimama kidogo, mashine ikalia, na daktari akasema, "Subirini." Fridah alimwona Beth na beseni la nguo. Alitaka kumwita Ooko.

Kisha mapigo yakarudi. Tano. Sita.

Baadaye alilala na mkanda wa plastiki wa kuzuia damu umembana kifundo cha mkono, Ooko ameketi kando, macho mekundu.

"Majibu yanatoka baada ya wiki mbili," Fridah alisema.

"Wazee wanapanda Mghange Jumamosi."

"Jumamosi hii? Subiri majibu kwanza, Ooko! Yakiwa mabaya?"

"Wakienda baada ya majibu, itakuwa ni majibu yaliyowatuma," Ooko alisema. "Nataka ijulikane ni mimi niliyewatuma."

Hofu haikumtoka Fridah. Ilikuwa palepale kifuani, na huenda ingekaa wiki mbili, au miaka. Alimtazama Ooko, machozi yakimwingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

"Mwambie baba yako avae sweta," alisema. "Kule kwetu asubuhi kuna ukungu."