Jogoo na Majina Yaliyofutwa

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake wakikimbilia uwanjani, Chiriku alikimbilia chumba cha kompyuta. Msichana huyo alipewa jina hilo darasani kwa sababu alikuwa hanyamazi, na kweli, hata akiwa peke yake alizisemesha mashine. Alipangusa vumbi kwenye skrini, akachomeka nyaya zilizolegea. "Haya wazee wangu, amkeni!"

Na wazee walikuwa wazee hasa. Kompyuta hizo zilichakazwa ofisini kabla ya shule kupewa kama msaada, na kuwaka ilikuwa mpaka zibembelezwe. Mwalimu mkuu alishachoka nazo. "Siku ya wazazi zisipofanya kazi, tunaziuza vyuma chakavu, na chumba kinakuwa stoo," alitangaza. Nyumbani kwa Chiriku hapakuwa na kompyuta. Chumba kile kikifungwa, basi tena.

Mwalimu wa kompyuta akampa kazi yeye na rafiki yake Mzito, mvulana mpole asiyejua haraka ni kitu gani. Watengeneze mfumo endeshi mwepesi, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine. Hawakuanza mikono mitupu. Iko mifumo huria, ambayo waandishi wake wameuacha msimbo, yaani maagizo yenyewe, wazi mtandaoni: chukua, badilisha, mpe na mwenzako. Sharti lilikuwa moja tu, majina ya walioandika yabaki juu ya kila faili.

Basi wakachukua sehemu hapa na sehemu pale, na ile ya kuongoza skrini wakaitoa kwenye mfumo uitwao Kobe. Wa kwao wakauita Jogoo. Siku Jogoo alipowaka mara ya kwanza, Chiriku alicheza hadi akagonga meza. Sifa zikampanda kichwani. Mzito alipotoka kwenda kunywa maji, Chiriku alifungua faili zote, akafuta majina ya watu asiowajua, akaandika: Imeandikwa na Chiriku na Mzito. "Kwani si sisi tuliotoka jasho?" alijiambia.

Kumbe! Siku moja kabla ya siku ya wazazi, mchana, skrini moja ikawaka, ikazima. Ya pili nayo ikazima. Punde skrini zote zikawa giza tupu.

"Tumekwisha!" Mzito akashika kichwa.

"Tulieni," mwalimu wa kompyuta alisema. "Sehemu ya skrini iliandikwa na nani? Tumuulize."

"Ni... sisi," Chiriku alijibu.

"Hongereni. Basi nieleze mstari huu unafanya nini."

Jasho jembamba likamtoka Chiriku. Mzito alilitazama jina lake mwenyewe pale juu, akamgeukia. "Mimi hili sijaandika. Yaani umeniandika jina kwenye kazi ya watu?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilifuta majina yao, Mwalimu," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Nilitaka tuonekane tumefanya yote wenyewe."

"Msimbo mliruhusiwa kuuchukua, mwanangu. Sifa za wenyewe hukuruhusiwa. Sasa tumekwama, na mtu wa kutusaidia umemfuta. Tumwite nani?"

Mzito alikuwa amenuna, lakini alisema, "Nakala za mwanzo ziko kwenye kompyuta yako, Mwalimu."

Chiriku akapiga moyo konde. Alirudisha majina faili kwa faili, bila kuruka hata moja. Kwenye sehemu ya skrini likatokea jina: Fundi Taa, pamoja na anwani yake. Akamwandikia bila kuficha kitu, kwamba walimfuta, wamemrudisha, na sasa skrini zimezima, wanaomba msaada.

Jibu liliingia kabla hawajafunga chumba. "Asante kwa ukweli wako, binti yangu. Kosa hilo nilishalirekebisha, chukueni toleo jipya la Kobe. Ila mimi sina mashine kuukuu kama zenu. Jaribuni, mniambie."

Wakajaribu. Skrini ziliwaka, lakini zilitetemeka. Hapo ndipo upole wa Mzito ulipofaa. Alisoma mstari baada ya mstari, akasema, "Skrini inaharakishwa mno. Kabla haijawa tayari, imeshaagizwa iwake." Chiriku akaandika agizo la kuifanya isubiri kidogo. Wakabana pumzi. Skrini zikatulia tuli! Wakakumbatiana, nongwa ikaisha, na rekebisho lao wakamtumia Fundi Taa.

Siku ya wazazi chumba kilijaa hadi mlangoni. Mwalimu mkuu alisimama mbele, mikono kifuani. Mzito akabonyeza, na kompyuta zote zikawaka kwa mpigo. Vigelegele!

"Jogoo ni jina letu," Chiriku alisema, "lakini sehemu ya skrini ni ya Fundi Taa wa mfumo wa Kobe." Akaendelea kuwataja wengine, mmoja mmoja.

"Sasa kama kazi ni ya watu," mwalimu mkuu akauliza, "ninyi mmefanya nini?"

Watu wakacheka. Mwalimu wa kompyuta akasogea kwenye kompyuta yake. Alifungua ukurasa wa Kobe kwenye skrini kubwa ukutani, akawasomea habari za toleo lililotoka asubuhi ile: "Sasa Kobe anafanya kazi kwenye mashine za zamani. Walioliwezesha hilo ni Chiriku na Mzito."

Chumba kikalipuka kwa makofi. Shangazi yake Chiriku alipanda juu ya kiti. "Huyo ni wetu! Huyo ni wetu!" Mwalimu mkuu aliusoma mstari ule mara mbili, akacheka kwa sauti. "Chumba hiki hakifungwi!"

Mwalimu wa kompyuta akawashika mabega watoto wote wawili. "Mfumo wenu uiteni mpendavyo," alisema, "lakini kazi ya mtu iende na jina lake popote iendapo. Jana mlilirudisha jina la mtu msiyemjua. Leo kila anayemtumia Kobe, mahali msipopajua, anasoma majina yenu."