Madaftari Mawili ya Sindano

Philbert alikuwa karani wa zahanati ya kijiji, jirani na Igowole. Alikuwa na mwandiko mzuri, naye alijua hivyo. Aliandika sindano za wagonjwa wa kifua kikuu. Kila mgonjwa alipaswa kuchomwa sindano sitini, moja kila siku.

Daftari kubwa lilikaa zahanati. Daftari pacha alilitunza nyumbani. Kila Jumamosi alihakikisha yanafanana.

Aprili 1976 paa la zahanati lilivuja. Daftari kubwa lilitota, wino ukachuruzika. Philbert alilikausha karibu na moto. Palipofutika, alikisia. Kisha akaona daftari pacha linasema mengine.

"Daftari kubwa ndilo kubwa," alijisemea.

Akalileta daftari pacha zahanati, akachana kurasa zake, akaziandika upya zifanane na zile za kukisia. Karatasi alizochana akawashia moto wa chai.

Jumatatu alifika Paskalina, mkulima wa maharage.

"Kamwene, mama. Leo ni sindano ya ishirini na tisa."

"Kamwene. Mwanangu, mimi kusoma ndiyo naanza, lakini makalio yangu yanajua kuhesabu. Nimepita arobaini."

"Madaftari yote mawili yanasema ishirini na tisa, mama."

Muuguzi Benedicta aliyachukua, akayatazama.

"Yanafanana kwa sababu umeyafananisha," alisema. "Pacha wakila sumu katika chungu kimoja, hufa wote. Hili la nyumbani lilikuwa zima. Kurasa zake ziko wapi?"

Philbert alitazama majivu ya moto wa chai.

Kila mwisho wa mwezi Benedicta alipeleka nakala ya akiba mjini Iringa. Aliiagiza, ikaja kwa basi. Philbert akafungua madaftari mawili mapya, akashika kalamu.

"Funga moja," Benedicta alimwambia. "Na hiyo akiba usiitie kalamu. Ukiiharibu, hatuna nyingine. Andika daftari moja kwanza. Tulisome mbele ya wagonjwa. Likiwa sawa, ndipo uandike la pili."

Wakafanya hivyo. Machi ilipoisha, Paskalina alikuwa na sindano thelathini na nne. Za Aprili zilikuwa zimeungua. Wagonjwa wengine hawakukosa hata siku moja, hesabu yao ikapatikana. Paskalina alikuwa amekwenda msibani Mbalizi mwezi huo, na siku alizokosa hakuzihesabu.

"Siwezi kukisia," alisema Benedicta. "Zikipungua, ugonjwa unarudi. Zikizidi, masikio yanaharibika. Nenda hospitali ya Tosamaganga, wakupime."

"Na maharage yangu?"



Philbert alikwenda kuyang'oa. Hakuyaweza peke yake. Paskalina aliporudi, nusu yalikuwa yameoza kwa mvua. Alipona kifua, lakini mwaka ule alinunua maharage sokoni.

Tangu hapo akiba ilikwenda Iringa kila wiki. Mwaka uliofuata paa lilivuja tena. Philbert hakuchana kitu. Aliandika daftari moja, akawasomea wagonjwa polepole. Paskalina naye alikuja kusikiliza.

"Nani ana hesabu tofauti?" Philbert aliuliza.

Hakuna aliyekuwa nayo. Akafungua la pili. Swali lile lilikuwa fupi sana, na mwaka jana hakumwuliza mtu.