Tairi Nne za Baba na Kisu cha Gavan

Maji ya bahari yalikuwa yameshafika kwenye taa za mbele za gari.

Tairi hazina upepo. Si moja. Si mbili. NNE!!

Na mdogo wangu wa tumbo moja, Gavan, anaondoka kwa miguu. Hageuki. Kisu chake amekitupa mchangani.

"Nenda tu!" nikampigia kelele. "Umeshanimaliza, sasa unakimbia nini?"

Akazidi kwenda.

Wimbi likapiga mlango wa dereva. Paaa!

Jamani, mnanijua humu. Mimi ndiye Neville wa vituko, yule anayewapostia mbwa wake kavaa miwani. Leo sina kituko. Au ninacho, ila kinanicheka mimi.

Ngoja niwaanzie mwanzo.

Baba yetu, mzee Ern, alifariki mwaka jana mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Alituachia Landcruiser ya mwaka tisini na nne.

Gari moja. Watoto wawili.

Mimi nakaa Gympie, huku Australia, Gavan anakaa Brisbane. Hatukuwa na ugomvi, hapana. Tulikuwa tu ndugu wa kutumiana picha ya kangaruu siku ya kuzaliwa, basi. Aliyekuwa anatukutanisha ni Baba. Kila Pasaka anatupakia kwenye hilo gari, tunaenda kuvua ufukweni Wirra Heads. Hata tulipoota mvi bado alikuwa anatuambia nani akae mbele.

Baba akaondoka. Likabaki gari.

Na Gavan akataka liuzwe.

"Braza, linakaa tu kwako linaota utando wa buibui," akaniambia kwenye simu.

"Utando gani? Naliosha kila Jumapili."

"Ndio nasema. Unaliosha. Huendi nalo popote."

Hapo alinigusa pabaya.

"Basi twende Wirra Heads," nikamwambia. "Wewe na mimi. Mara moja tu. Tukirudi bado unataka kuuza, nasaini."

Nikamsikia anapekua kalenda.

"Sawa," akasema. "Mara moja."

Mnaelewa? Hiyo safari haikuwa ya samaki. Gari likiuzwa, ndio mwisho. Mimi na yeye hatuna kingine cha kutufanya tuonane.

Nikaapa safari iende laini kama siagi.

Sasa kwa msiojua mambo ya mchanga: kabla ya kuingia ufukweni lazima utoe upepo kwenye tairi, zilale kidogo, zikanyage kwa upana. Ukirudi lami, unajaza tena.

Baba alikuwa anafanya moja moja. Anapiga goti, geji ya upepo ameing'ata kama sigara, anapiga mluzi wa ovyo. Akimaliza ya nne, sisi tumeshakula mikate yote.

Siku hizi kuna mtambo. Mipira minne, kila mmoja unaubana kwenye tairi yake, yote inakutana katikati kwenye geji moja. Fungua koki, tairi zote zinapungua kwa pamoja. Washa kompresa, zote zinajaa kwa pamoja. Hupigi goti hata mara moja!

Unauzwa madukani. Mke wangu Glenys alinionyesha.

"Nunua, Nev. Unaletwa mpaka mlangoni."

"Nina diploma ya ufundi, Glenys."

"Najua. Iko ukutani. Haijawahi kujaza tairi."

Nikaunda mwenyewe. Wikendi tatu nzima niko bandani nanuka grisi. Viungio vya shaba, koki, geji kubwa kama saa ya kituo cha treni. Nilipoujaribu ukafanya kazi, nilicheza peke yangu humo bandani mpaka mbwa akatoka nje.

Siku ikafika.

Asubuhi tukasimama kwenye duka la Noelene, pale barabara inapoishia na mchanga kuanza. Noelene ni mama wa miaka sitini na kitu. Anauza barafu, chambo na vibali vya kuingia ufukweni. Ana trekta pia, ya kuvuta wanaonasa.

Gavan akaingia dukani kuchukua kibali na ngisi wa chambo. Mimi nikabana mipira yangu minne. Sssssss!

Jamaa wa pembeni kapiga goti kwenye tairi yake, jasho linamtoka.

"We mzee, hiyo umeitoa wapi?"

"Kichwani," nikamjibu. Nilijisikia, sitawadanganya.

Gavan akatoka, akasimama akaangalia. Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu tumzike Baba!

"Baba angekukataza," akasema.

"Baba angeniomba nimuundie na wake."

"Angekwambia unamharibia mluzi."

Tukacheka wote wawili. Nikasema moyoni, Nev, umeshinda.

Tukaendesha kilomita saba mpaka kwenye rasi, mchanga mgumu, bahari imerudi mbali. Nikaegesha karibu na maji, pale pale alipokuwa anaegesha Baba. Gavan akatupa ndoano, hata dakika tano hazijaisha, samaki! Akaruka ruka kama mtoto. Tukala pai za nyama za Glenys, sosi ikimchuruzika kidevuni.

Kama nyoyo zingekuwa na geji, yangu ingekuwa imefika mwisho.

Ndipo nikaharibu.

"Gav, najaza tairi sasa hivi," nikasema. "Tukirudi kule dukani watu wamepanga foleni na vipampu vyao, sisi tunapita tu tunawapungia mkono."

"Baba alikuwa anajaza akishakanyaga lami."

"Baba hakuwa na huu mtambo."

"Mchanga je?"

"Mgumu kama sakafu! Wewe vua."

"Haya bwana, fundi mkuu," akasema, akarudi kwenye ndoano yake.

Nikabana mipira minne, nikawasha injini, kompresa nikaiweka juu ya boneti, ikaanza kunguruma. Nikamfuata kwenye maji. Mitambo ijihudumie!

Maji yalikuwa yamezidi kwenda mbali, gari tumeliacha kama hatua themanini. Mawimbi yanapiga, injini inanguruma, husikii kitu.

Katikati hapo chambo kikaisha. Gavan akarudi kwenye gari. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Alisimama pale pembeni akikata ngisi kwa kile kisu chake kirefu. Akarudi na chambo, tukaendelea.

Baadaye nikageuka...

Gari limekaa chini kama kuku anayetaga!!

Nikakimbia. Kompresa imenyamaza, inanuka kuungua. Geji inasoma sifuri. Tairi zote nne zimekuwa kama chapati.

Na maji yameanza kupanda.

Mtu mwenye akili angesimama akafikiri. Mimi niliruka kwenye usukani nikakanyaga mafuta.

"Nev! Usi..." Gavan akapiga kelele.

Krrrak! Tairi mbili za mbele zikatoka kwenye ringi. Gari likajichimbia mpaka tumboni.

Tukachimba kwa mikono. Tunachimba, maji yanajaza. Tunachimba, yanajaza. Simu hazina mtandao kule.

"Ile kompresa ya zamani ya Baba iko wapi?" Gavan akauliza akihema.

"Nimeiacha nyumbani."

"Umeiacha?"

"Ilikuwa inachukua nafasi."

Akaendelea kuchimba. Nami badala ya kuchimba naye, nikaenda kuukagua mtambo wangu. Na kwenye ule mpira unaotoka kwenye kompresa kwenda katikati nikaona...

TUNDU. Refu kama kidole changu.

Nikaangalia tundu. Nikaangalia kisu kiunoni kwa Gavan.

Damu ikanipanda.

"Umekata."

"Nini?"

"Umekata mpira, Gavan! Ulisimama hapa hapa na kisu!"

"Nilikuwa nakata ngisi."

"Ulitaka gari life ili usihangaike na mimi! Si ungesema tu?"

Akaniangalia. Kwa muda mrefu hivi, maji yakitupita magotini. Akachomoa kisu taratibu, akakitupa mchangani mbele ya miguu yangu.

"Kisu hicho," akasema. "Kaa nacho."

Akaondoka.

Ndipo pale nilipowaanzia.

Nilikaa peke yangu na gari la Baba zaidi ya saa nzima. Nikatoa viti vya kambi, nikatoa ndoano, kofia ya Baba iliyokuwa nyuma ya kiti. Nikavirundika juu kwenye mchanga mkavu. Maji yakaingia ndani. Redio ikajiwasha yenyewe, ikaimba kidogo, ikazimika.

Halafu nikasikia mngurumo.

Trekta!!

Noelene, na mabuti yake ya mpira, anakuja mbio, nyuma kuna mnyororo.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Nimejuaje? Ndugu yako kafika dukani kwangu anatapika! Kakimbia kilomita saba juu ya mchanga. Hata kusema alishindwa, alikuwa ananyoosha mkono tu huku."



Tukafunga mnyororo. Trekta likavuta. Gari likatoka hatua moja, mbili... Wimbi kubwa likalipiga ubavuni, likalala. Noelene akavuta tena, bampa likang'oka, likaja peke yake.

Akazima trekta.

"Pole, Neville. Hili limekwenda."

Tukalitazama. Maji yanapita juu ya madirisha, tairi zangu nne zimeangalia baharini na mipira yake inaning'inia kama matumbo.

Mkononi nilikuwa bado na kile kipande cha mpira chenye tundu, nilichokichomoa kwenye mtambo. Nikampa.

"Angalia mwenyewe. Alikata na kisu."

Noelene akavua miwani, akakisogeza karibu. Akapitisha kidole kwenye kingo za lile tundu.

"Kisu gani? Hiki kimeyeyuka."

"Kimenini?"

"Gusa. Kingo zimejikunja kama mshumaa. Na huu si mpira wa kompresa, Neville. Huu ni wa bustani."

Wapendwa, hapa kuna kitu sikuwaambia.

Kule bandani, mpira wangu mzuri uliishia njiani. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, na mimi nina hamu ya kuona mtambo ukifanya kazi. Nikakata kipande cha mpira ambao Glenys anamwagilia nyanya. Haukuvuja. Nikasema nitabadilisha baadaye.

Kichwa cha kompresa kinapata moto wa kukaangia yai. Ule mpira nilikuwa nimeulaza juu yake.

Ukayeyuka, ukapasuka. Na kwa kuwa tairi zangu zote nne zilikuwa zimefunguliwa kuelekea sehemu moja, upepo wote ukatokea tundu moja. Nne kwa mpigo. Jinsi nilivyotaka!

Mimi mwenye diploma nilikishika kile kipande saa nzima, na vidole vyangu havikutaka kujua.

"Gavan yuko wapi?" nikauliza.

"Kapata lifti mpaka kituo cha basi. Kanilipa hela ya trekta kwanza."

Noelene akaanza kukunja mnyororo, kisha akauacha.

"Asubuhi nilimwuliza, kibali cha siku moja, si ndiyo? Akasema hapana, nipe cha mwaka mzima. Kasema gari halitauzwa, atakuwa anakuja na kaka yake. Akaniomba nisikwambie. Alitaka akwambie mwenyewe jioni mkirudi."

Nikakaa chini. Kwenye maji, hivyo hivyo.

Simu zangu hakupokea. Ujumbe anausoma, hajibu. Baada ya wiki mbili nikaenda Brisbane, nikagonga mlango.

Akafungua mwenyewe, kitambaa cha jikoni begani.

"Mpira uliyeyuka, Gav," nikaanza. "Kosa langu. Hukuwa wewe."

"Najua sikuwa mimi, Nev. Nilikuwepo."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Sawa. Nimekusamehe."

Nikapumua. Mjinga mimi, nikapumua!

"Kwa hiyo Pasaka tunaweza..."

"Hapana."

"Tutatafuta gari lingine, hata la kukodi..."

"Gari siyo shida." Akaifuta mikono yake, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilikuangalia usoni pale, Nev. Hukuwa na shaka hata kidogo. Ulikuwa kama mtu aliyekuwa anangoja tu nimfanyie ubaya."

Nikafungua mdomo nimtupie utani. Miaka hamsini na tatu huwa nao, popote, hata msibani. Siku ile haukuja.

"Msalimie Glenys," akasema.

Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Pasaka imepita. Siku yangu ya kuzaliwa pia. Hata picha ya kangaruu haikuja.

Haya, somo. Wale mnaouliza kila siku kuhusu huu mtambo, ununue au uunde: ukiunda, tumia mpira unaostahimili joto, weka koki kwa kila tairi ili tundu moja lisimalize zote, na usijaze ukiwa mchangani. Hiyo ni sehemu ya fundi, ni rahisi.

Sehemu ya pili hainunuliwi dukani. Ukimdhania ndugu yako ubaya, muulize kwanza. Hata kama ana kisu kiunoni. Hata kama bahari inapanda. Mimi sikumuuliza, nilimwambia.

Kuuliza kungechukua muda mfupi kuliko kujaza tairi moja.