Kreni ya Mianzi

Kila asubuhi Loveness alimkatia ng'ombe majani, akanywa uji, kisha akaongozana na mama yake hadi njia panda ya shule, kule Machame. Mama aliendelea hadi Moshi mjini, kwenye yadi ya makontena. Huko aliendesha kreni ndefu kuliko nyumba, yenye miguu minne na magurudumu makubwa, inayosimama juu ya kontena na kulinyanyua hadi kwenye lori. Loveness alijivunia kazi hiyo mno, hata darasa zima la sita lilichoka kusimuliwa.

Maonyesho ya sayansi yalipotangazwa, yeye na mwenzake Sifael walitengeneza kreni ya mianzi, magurudumu yake yakiwa ya kandambili kuukuu. Ilitakiwa kunyanyua sanduku la mawe la kilo tano. Washindi wangeiwakilisha shule wilayani. Viungo walivifunga kwa kamba za mgomba, lakini haraka ikawaponza: walizitumia zikiwa mbichi.

Siku ya maonyesho Loveness aliigusa kreni, ikayumba. Kamba zilikuwa zimekauka na kusinyaa, na mguu mmoja ulikuwa unachezacheza.

"Nyamaza," Sifael alinong'ona. "Tutoe mawe, tujaze maranda. Nani atajua?"

Loveness alitamani sana kukubali. Mama yake alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumtazama. Hata hivyo akamwendea Mwalimu Aminieli, mkuu wa waamuzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kreni yetu ina kasoro. Tulifunga kamba mbichi, sasa zimelegea. Tukinyanyua mzigo itaanguka."

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Marahaba. Basi mtakuwa wa mwisho. Mna nusu saa."

Wakatimua mbio hadi migombani nyuma ya shule, wakachuna kamba zilizokauka, wakazilowesha kidogo kwenye ndoo ili zilainike na kufunga upya mpaka vidole vikawauma. Zamu yao ilipofika, Sifael alizungusha mpini. Sanduku likapanda. Kreni ikasogea na mzigo wake, ikautua juu ya lori dogo la mbao walilolichonga bila kuyumba hata kidogo. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, na ushindi ukawa wao!

Mama, aliyefika mapema na kumsikia akikiri kasoro, alimkumbatia binti yake kwa nguvu.

"Mwanangu, mimi nikiona kasoro kwenye kreni nikanyamaza, wenzangu walio chini wanaweza kufa. Aibu ya kukiri kosa hupita siku hiyohiyo. Sifael, na wewe umenisikia?"

"Nimesikia, mama," Sifael alijibu, akitazama chini kwa haya. Kisha akainua uso. "Ila wilayani tutanyanyua kilo kumi!"